Maji Taka ya Mji Yapewe Siku Zake

Leo hatuzungumzii mbegu, wala viwavi, wala mbolea ya dukani. Leo tunazungumza juu ya maji yanayotoka mjini: maji ya vyooni, ya mabafuni, ya jikoni, ya mahoteli na ya hospitali. Najua wapo watakaosema, "Ah, bwana shamba leo kapotea njia. Habari za vyoo si ni za bwana afya?" Hapana ndugu, sikupotea. Maji hayo yakishatoka mjini huteremka bondeni, na bondeni ndiko tuliko sisi wakulima. Mtu wa mjini akishamwaga maji chooni, yeye amekwisha kuyasahau. Wewe wa chini ndiye utakayeyakuta mferejini asubuhi, umeshika jembe, na pengine huna viatu.

Chukueni mfano wa mji wa Moshi. Mji huu umekaa kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, na kila tone la maji yake hutafuta njia ya kwenda chini. Huko chini ndiko kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini, Rau ya Kati, Oria na Chekereni, ambayo mifereji yake ilijengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, na ambayo hutegemea maji ya Rau na Njoro. Maji yakipita hapo huelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, watu wanakovua perege. Kutoka Nyumba ya Mungu huwa mto Pangani, yakazungusha mitambo ya umeme kule Hale, na mwisho yakaingia baharini. Kwa hiyo mto ni mmoja lakini watumiaji ni wengi, na kila mmoja hupokea alichoachiwa na mwenzake wa juu.

Huko Mabogini, chini ya mji, ndiko yalikojengwa mabwawa ya kusafishia maji taka ya Moshi. Na maji yanayotoka katika mabwawa hayo hayapotei bure: wakulima huyatumia kumwagilia mpunga. Mabwawa ya namna hii yamejengwa pia Mafisa mjini Morogoro, Swaswa mjini Dodoma, na kwa majirani zetu wa Kenya yapo Nyalenda mjini Kisumu. Huu ndio utaratibu unaofaa miji yetu midogo, kwa kuwa hauhitaji mashine kubwa wala umeme mwingi. Unahitaji ardhi, jua, uangalizi, na jambo moja ambalo watu wengi hulisahau, nalo ni siku. Neno la leo, basi, ni hili: maji taka hayasafiki kwa kukimbia, husafika kwa kukaa.

NINI KIMO NDANI YA MAJI TAKA?

Ukichukua lita 1,000 za maji taka, yaani ndoo 50 za lita 20, karibu zote ni maji matupu. Uchafu wenyewe ni kama kilo moja tu. Lakini kilo hiyo moja ina mambo matatu, na kila moja lina hatari yake.

Jambo la kwanza ni uozo: kinyesi, mabaki ya chakula, mafuta ya kupikia, sabuni na kadhalika. Jambo la pili ni mbolea: naitrojeni, fosforasi na potasi, zile zile unazonunua kwa mfuko. Jambo la tatu ni vijidudu vya maradhi na mayai ya minyoo. Humo mna vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara damu, na mna mayai ya mchango, ya safura na ya tegu. Tusisahau kwamba mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea mikoa mingi ya nchi yetu. Kipindupindu hakina mguu. Husafiri kwa maji, kwa chakula na kwa mikono yetu.

Sasa mtu atauliza: mto si mkubwa, kwa nini tusiyaachie maji hayo yakaenda nao? Jibu lake ni kwamba mto nao unapumua. Ndani ya maji mna hewa ya oksijeni iliyoyeyuka, na hiyo ndiyo samaki wanayoivuta. Lita moja ya maji yenye joto la sentigredi 25 haiwezi kubeba zaidi ya miligramu 8 hivi za oksijeni. Vijidudu vinavyoozesha uchafu navyo vinaitaka oksijeni hiyo hiyo. Lita moja ya maji taka mabichi huhitaji miligramu 200 hadi 400, na mara nyingine zaidi, ili uozo wake uliwe na vijidudu hivyo kwa muda wa siku 5. Fanya hesabu, ndugu mkulima: lita moja ya maji taka inaweza kumaliza oksijeni ya lita 25 hadi 50 za maji ya mto. Wakati wa masika mto huvumilia, kwa sababu maji ni mengi na yanarukaruka juu ya mawe yakichukua hewa mpya. Lakini njoo kiangazi, mto umebaki kamba nyembamba. Hapo samaki hufa, maji huwa meusi, harufu hutoka, na mto unakuwa mfereji wa choo.

Kwa ajili hiyo nchi yetu imeweka kiwango. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka maji taka yanayoachiwa mtoni yasiwe na uhitaji wa oksijeni unaozidi miligramu 30 kwa lita. Kutoka 300 mpaka 30 ni safari ndefu. Tuone namna mabwawa yanavyoifanya.

KAZI YA KILA BWAWA

Kabla ya yote, maji hupita kwenye chekeche la nondo. Hapo hukamatwa matambara, mifuko ya plastiki, vijiti na kila kitu kilichotupwa chooni na watu wasiojali. Halafu maji huingia bwawa la kwanza.

Mara nyingi bwawa la kwanza huwa la kina kirefu, mita 2 hadi 5. Ndani yake hamna hewa. Maji hukaa humo siku moja au siku chache, na uchafu mzito huzama chini ukawa tope. Vijidudu visivyohitaji hewa hulila tope hilo taratibu, na ndiyo maana utaona mapovu yanapanda juu kama chungu cha maharage. Usiogope mapovu hayo, ni dalili ya kazi. Katika nchi ya joto kama yetu bwawa hili peke yake laweza kuondoa nusu ya uozo, na hata zaidi ya nusu.

Bwawa la pili ni pana, na kina chake ni kama mita moja na nusu. Hili ni bwawa la ghorofa mbili. Chini hamna hewa, na tope linaendelea kuoza. Juu mna mwanga wa jua, na humo huota mimea midogo mno ya kijani isiyoonekana mmoja mmoja kwa macho, lakini ikiwa mingi huyafanya maji yote yawe ya kijani. Mimea hiyo na vijidudu ni kama mfugaji na mkulima wanaoishi jirani. Mfugaji anatoa samadi, mkulima anatoa mabua. Vijidudu vinakula uozo na kutoa chakula cha mimea. Mimea, kwa nguvu ya jua, inatoa oksijeni ambayo vijidudu vinaihitaji. Kila mmoja anamlisha mwenzake. Biashara hiyo haiendi haraka: huchukua siku nyingi, mara nyingi 10 na zaidi.

Mabwawa ya mwisho hayana kina kirefu, mita moja mpaka moja na nusu, na hupangwa kwa mfululizo. Kazi yake kubwa si kuondoa uozo. Ni kuua vijidudu vya maradhi. Jua hupenya. Mchana ule ukijani hubadilisha maji yakawa makali kidogo kama maji ya magadi, na vijidudu vingi haviwezi kuvumilia ukali huo pamoja na mwanga. Mayai ya minyoo nayo, ambayo ni mazito, yanakuwa yamekwisha kuzama. Na hapa kuna siri ya ujenzi: mabwawa madogo matatu yanayofuatana huua vijidudu kuliko bwawa moja kubwa la eneo lile lile, kwa sababu katika bwawa moja baadhi ya maji hupata njia ya mkato, yakatoka kabla ya siku zake.

Miji mingine huongeza kitu kimoja zaidi: bustani ya matete iliyopandwa juu ya kokoto, ambamo maji hupita polepole kabla ya kuachiwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameyachunguza mabwawa na bustani hizi za matete kwa miaka mingi.

Mkulima asione ajabu juu ya jambo hili. Sisi wenyewe tunalijua. Samadi mbichi tunaiweka kwenye miche? Hatuiweki, itaunguza. Tunaiacha ioze kwanza. Muhogo mchungu tunaula siku ile ile ulipong'olewa? Hatuuli, tunauloweka, tunauanika, ndipo tunautwanga. Maji taka ni vivyo hivyo. Ukiyatumia kabla ya siku zake umekula muhogo mchungu.

HESABU YA SIKU

Sasa shikeni kalamu, kwa sababu hapa ndipo miji mingi inapoharibikiwa.

Tuseme mji mdogo una bwawa la pili lenye urefu wa mita 100, upana wa mita 40 na kina cha mita moja na nusu. Zidisha: bwawa linabeba mita za ujazo 6,000. Tuseme kila siku yanaingia maji mita za ujazo 600. Gawanya 6,000 kwa 600, unapata siku 10. Hizo ndizo siku za maji kukaa.

Miaka inapita. Hakuna anayeondoa tope. Tope limepanda nusu mita. Bwawa kwa macho ni lile lile, kingo ni zile zile, lakini sasa linabeba mita za ujazo 4,000 tu. Gawanya tena kwa 600: hazifiki hata siku 7. Wakati huo huo mji umekua, nyumba mpya zimeunganishwa, na badala ya mita 600 zinaingia 1,000. Sasa ni siku 4. Bwawa halikupasuka, hakuna aliyeiba kitu, hakuna kelele yoyote iliyosikika. Lakini maji yanayotoka si yale ya zamani, na mkulima wa chini hana habari. Anaendelea kumwagilia akisema, "Haya ni maji ya mabwawa, yamesafishwa."

Ndiyo maana ninasema kuzoa tope ni sawa na kupalilia. Bwawa la kwanza huzolewa tope likifika kama theluthi moja ya kina chake, na hiyo kwa kawaida ni kila baada ya miaka michache. Tope hilo lisichukuliwe bichi kupelekwa shambani, hata kama mtu anakupa bure. Mayai mengi ya minyoo yaliyozama yamo humo, na yai la mchango laweza kuishi udongoni kwa miezi mingi. Tope lianikwe kwenye vitanda vya kukaushia, halafu lihifadhiwe kavu kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hapo ndipo linapokuwa mbolea.

UJANJA WA KIANGAZI

Sasa nataka tuseme wazi jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Katika miji kadhaa ya Afrika Mashariki, kiangazi kikikolea na mto ukipungua, wapo wakulima wanaofungua chemba au kutoboa bomba la maji taka kabla halijafika kwenye mabwawa, wakayaelekeza maji hayo mabichi kwenye mchicha na sukuma wiki. Mimi siwatukani. Najua mkulima anaona nini. Anaona maji yanapita bure chini ya miguu yake wakati mboga zinanyauka na watoto wanadai ada. Tena anaona mboga zikimwagiliwa kwa maji hayo zinakuwa nyeusi kwa ustawi, wala hanunui Urea.

Lakini tuhesabu pia upande wa pili. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi yasizidi yai moja la minyoo kwa lita, na yasizidi bakteria 1,000 wa kinyesi kwa kila mililita 100. Maji taka mabichi huwa na bakteria hao milioni 10 na zaidi katika mililita hizo hizo 100. Maana yake, katika kila bakteria 10,000 walioingia mabwawani, lazima 9,999 wafe, abaki mmoja. Kazi hiyo hufanywa na jua na siku. Haifanywi na mfereji wa mita 50 kutoka kwenye chemba mpaka kwenye tuta lako.

Na wa kwanza kuumia ni nani? Ni yule aliyesimama ndani ya maji hayo. Safura huingia kwa ngozi ya mguu. Watoto wanaocheza kwenye tuta ndio wa pili. Mlaji wa mjini ni wa tatu. Kuna na hasara nyingine: maji uliyoyatoa njiani hayafiki mabwawani, na bomba ulilolitoboa huendelea kuvuja masika yote, likamwaga uchafu mtoni moja kwa moja. Kwa hiyo jirani yako wa chini anapata mto mchafu na anakosa maji ya mabwawa. Umemwibia mara mbili.

Dawa ya jambo hili si mgambo peke yao. Wakulima wanaohitaji maji waunde umoja wao, waende kwa mamlaka ya maji ya mji na kwa ofisi ya bonde la mto, waombe haki ya kutumia maji yanayotoka bwawa la mwisho. Kwa wakulima wa Moshi, Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ipo pale pale mjini. Maji ya bwawa la mwisho bado yana mbolea nyingi. Yaliyopungua ni maradhi.

SHAMBANI TUFANYE NINI?

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya, unaosema kwamba kinga isiwe bwawani tu, bali iwepo pia shambani, sokoni na jikoni, kama kuta kadhaa zinazofuatana. Kwa hiyo wewe unayetumia maji ya mabwawa, shika haya:

1. Chagua zao. Mpunga, mahindi, migomba, majani ya tembo na miti ya mbao yanafaa. Saladi, figili, karoti na nyanya za kuliwa mbichi usizimwagilie kwa maji haya mpaka wataalamu wawe wameyapima na kuyakubali.

2. Mwagilia kwa mifereji chini ya mmea, usinyunyizie juu ya majani.

3. Acha kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna. Ukiweza wiki mbili ni bora zaidi. Jua la shambani nalo huua vijidudu.

4. Vaa mabuti ya mpira. Ukitoka shambani nawa kwa sabuni, wala usile muwa au embe ukiwa ndani ya jaruba. Pia tumia dawa ya minyoo kama utakavyoelekezwa zahanati.

5. Punguza mbolea ya dukani. Maji haya tayari yana naitrojeni. Mpunga ukizidishiwa naitrojeni huwa na majani mengi, huchelewa kukomaa, hulala chini na punje huwa chache. Anza na kipande kidogo, linganisha, ndipo uamue.

6. Angalia chumvi. Maji taka yana chumvi kidogo, na tambarare ya chini ya Kilimanjaro ina sehemu zenye magadi. Ukiona unga mweupe juu ya udongo, tengeneza mifereji ya kutoa maji, na umwite bwana shamba wako.

7. Usioshee mboga kwenye mfereji huo zinapopelekwa sokoni. Zao safi lililooshwa kwa maji machafu limekuwa chafu.

NA MJI NAO UFANYE WAKE

Wakulima hawawezi kuulinda mto peke yao. Wenzetu wa mjini nao wana wajibu. Chooni pasitupwe matambara, pamba wala plastiki. Ndivyo vinavyoziba bomba, chemba ikafurika na uchafu ukaenda mtoni. Wenye gereji wasimwage mafuta machafu kwenye bomba, kwa sababu mafuta hufunika bwawa na kuzuia hewa na jua. Maji ya mvua kutoka mapaani yasielekezwe kwenye bomba la maji taka. Mvua moja kubwa hujaza mabwawa na kuyafukuza maji ambayo hayajamaliza siku zake. Na viwanda visafishe kwanza maji yao vyenyewe.

Tena, katika miji yetu nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba. Zina mashimo, na shimo likijaa huitwa gari la kunyonya. Muulize mwenye gari anamwaga wapi. Akikuambia "usijali, mzee, pahali papo," ujue pahali penyewe ni korongoni, na kutoka korongoni ni mtoni. Gari limwage kwenye mabwawa, mahali palipotengwa, na lipewe stakabadhi.

Kingo za mto nazo zihifadhiwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Majani na miti ya ukingoni huchuja yale yaliyotuponyoka sisi wote.

DALILI ZA KUONA KWA MACHO

Huna maabara, lakini macho na pua unavyo. Bwawa la pili na ya mwisho yawe ya kijani. Yakigeuka rangi ya waridi au zambarau, yamezidiwa na uchafu. Yakiwa meusi na kutoa harufu ya mayai mabovu, hali ni mbaya zaidi. Utando ukifunika maji, mwanga hauingii. Majani yakiota kingoni ndani ya maji, huko huzaliana mbu na konokono, na konokono wengine hubeba kichocho. Ukiona mojawapo ya dalili hizi, usisubiri. Peleka habari kwa mamlaka ya maji na kwa diwani wako, na wakati huo huo acha kumwagilia mboga.

MASWALI MAWILI

Swali la kwanza hutoka kwa wafugaji: je, ng'ombe wanaweza kunywa maji ya mabwawa, au kula majani yaliyomwagiliwa? Kunywa, hapana. Majani yamwagiliwe kwa maji ya bwawa la mwisho, yaachwe yakauke kwa wiki mbili, ndipo yakatwe. Maji mabichi yana mayai ya tegu. Ng'ombe akiyala hupata vifuko vya tegu nyamani, na mtu akila nyama hiyo haijaiva vizuri, tegu anaanza safari yake upya tumboni mwake.

Swali la pili: samaki wa bwawa la mwisho wanalika? Samaki hao wakiishi vizuri ni dalili njema kwamba oksijeni ipo, lakini si cheti cha afya. Wasivuliwe kwa kuiba usiku na kupelekwa sokoni. Pakiwa na mpango uliopimwa na bwana afya, hapo sawa, na samaki watumbuliwe mbali na chakula kingine na wapikwe mpaka waive kabisa.

Basi ndugu wakulima, muda wetu umekwisha. Mtakapokutana kwenye mkutano wa kijiji au wa chama cha umwagiliaji, muulizeni mhusika wa mji maswali matatu tu: maji yetu yanakaa siku ngapi mabwawani? Tope lilizolewa lini mara ya mwisho? Na vipimo vya maji yanayotoka vinasemaje? Mwenye kuendesha mabwawa vizuri hatakasirika kuulizwa, atafungua daftari lake akusomee. Na asiyekuwa na daftari, naye mtakuwa mmekwisha kumjua.